Laini moja, nyumba nzima: namna ya kugawa intaneti kwa kompyuta zote za nyumbani

Nyumbani kwetu Dar es Salaam kuna kompyuta sita. Ya mezani iko kwenye fremu ya mbele, mdogo wangu anakofanyia kazi ya steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu mtandaoni. Yangu iko chumbani. Shemeji ana laptopu ya masomo, watoto wana moja ya zamani sebuleni, na wapangaji wawili wa uani kila mmoja ana ya kwake. Laini ya intaneti ni moja tu. Ni faiba iliyotobolewa ukuta wa sebule ikaingia.

Kwa miezi mingi nyumba nzima ililalamika. Mteja amesimama kwenye fremu anasubiri fomu, ukurasa unazunguka tu. Tukapiga simu huduma kwa wateja, tukapandisha kifurushi, hali ikabaki vilevile. Siku nilipoketi na kupima hatua kwa hatua nikagundua kwamba kasi yote tunayolipia ilikuwa inafika mpaka ukuta wa sebule, kisha inapotelea humu humu ndani kwa jinsi tulivyoigawa. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nyumba nyingi ninazoitwa kusaidia zina tatizo hilo hilo, na wenyewe wanaendelea kulipia vifurushi vikubwa zaidi bila kupata nafuu.

Elewa kwanza kinachogawanywa

Ukisoma shule ya bweni unalijua sanduku la barua. Shule nzima ina S.L.P. moja. Barua zote zinafikia hapo, karani anazichukua, anasoma jina la mwanafunzi na kumpelekea bwenini. Posta haijui bweni wala kitanda chako, inajua S.L.P. tu.

Intaneti ya nyumbani inakwenda hivyo hivyo. Kampuni inakupa anwani moja ya IP. Rauta ndiye karani. Kila kompyuta ya ndani anaipa anwani ya ndani, kwa kawaida inayoanza na 192.168 au 10, na anakumbuka ni kompyuta ipi imeomba ukurasa upi ili jibu likirudi alifikishe panapohusika. Anwani hizo za ndani zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya majumbani na maofisini, na nyumba zote duniani zinazitumia bila kugongana kwa kuwa hazitoki nje. Bila utaratibu huo tungekwama zamani. Anwani za mfumo wa zamani wa IP ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011.

Kutokana na mfano huo shika jambo moja, maana nitalirudia: nyumba moja, karani mmoja. Ukiweka makarani wawili wasiojuana, barua zinapotea.

Hatua ya 1: Pima laini kabla ya kununua chochote

Zima Wi-Fi kwenye simu na kompyuta zote. Chukua laptopu moja, ichomeke kwa kebo moja kwa moja kwenye rauta ya kampuni, ufungue tovuti yoyote ya kupimia kasi. Pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku, muda ambao mtaa mzima uko mtandaoni. Kila mara andika namba tatu: kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde.

Usichanganye megabiti na megabaiti. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kinashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua karibu dakika saba hata mambo yakiwa mazuri kabisa. Watu wengi hudhani wameibiwa kumbe ni hesabu hii.

Kama namba za kwenye kebo zinakaribia za kifurushi, laini ni nzima na kazi iliyobaki ni yako. Kama ziko mbali, piga simu ukiwa na karatasi yako yenye namba na saa. Atakayepokea atakusikiliza tofauti na anavyomsikiliza mtu anayesema tu "intaneti inasumbua".

Wenye rauta ya laini ya simu, yaani 4G au 5G, wana kazi ya ziada hapa. Kihamishe kifaa dirisha hadi dirisha huku ukiangalia nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wake wa mipangilio (namna ya kuufungua iko Hatua ya 3). Tafuta namba iliyoandikwa RSRP. Ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Kuhama kutoka nyuma ya kabati hadi dirisha linalotazama mnara kunaweza kubadilisha kila kitu, na hakugharimu senti.

Hatua ya 2: Mjue karani wako

Geuza kisanduku cha kampuni uangalie nyuma. Kuna tundu moja la laini inayoingia, mara nyingi lenye rangi tofauti au limeandikwa WAN. Yapo mengine, aghalabu manne, yaliyoandikwa LAN, na hayo ni ya kompyuta zako. Pembeni kuna kitundu kidogo cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Usikiguse kwa sasa.

Kama kisanduku hicho tayari kinatoa Wi-Fi na kina matundu ya LAN, basi karani unaye. Huhitaji kununua rauta nyingine. Matundu yakiwa machache nunua swichi, kile kisanduku cha matundu matano au manane kisicho na mipangilio yoyote. Unakichomeka kwenye umeme, unaunganisha tundu lake lolote na tundu la LAN la rauta, mengine yote yanakuwa tayari. Swichi haigawi anwani, kwa hiyo haiwezi kugombana na karani. Kifaa kidogo, hakina makuu, na mimi nakipenda kuliko vyote kwenye mtandao wa nyumbani kwa sababu hakijawahi kunipigisha simu usiku.

Hatua ya 3: Panga rauta kuu

Kaa na laptopu iliyochomekwa kwa kebo. Fungua kivinjari, andika anwani iliyoko kwenye stika chini ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Stika ikiwa imefutika, fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, kisha tazama mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya rauta.

Kabla ya kubadilisha chochote piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio kwa simu yako. Ukiharibu utajua pa kurudi.

Badilisha neno la siri la kuingilia kwenye rauta yenyewe. Hili si lile la Wi-Fi. Rauta nyingi hutoka kiwandani na neno la siri linalojulikana na kila mtu, na anayeingia humo anaweza kuwaelekeza watu wote wa nyumba kwenye kurasa bandia za benki. Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila neno la siri. Udhaifu wa namba zake za siri (PIN) ulianikwa hadharani mwaka 2011 na hakuna sababu ya kukiacha wazi. Zima pia uwezo wa kuisimamia rauta ukiwa nje ya nyumba.

Halafu nenda kwenye DHCP, sehemu inayogawa anwani za ndani. Iambie igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200 (kama rauta yako ni 192.168.0.1, kila mahali kwenye mwongozo huu namba ya tatu ibaki 0). Zitakazobaki chini ya 100 ziweke akiba kwa vifaa ambavyo anwani yake haitakiwi kubadilika, kama vile printa. Kwenye fremu yetu printa ilikuwa inapotea kila umeme ukikatika. Ukirudi inapewa anwani mpya, na kompyuta zinaendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Dawa ni kuiwekea anwani yake ya kudumu, ama kwenye skrini ya printa yenyewe au kwenye ukurasa wa rauta kwa kutumia ile namba ya kiwandani ya herufi na tarakimu 12. Sisi tuliipa 192.168.1.50, na tangu siku hiyo haijahama.

Hatua ya 4: Kisichohama kichomeke kwa kebo

Hapa ndipo ninapobishana na watu. Wananiuliza kwa nini wahangaike na kebo wakati Wi-Fi ipo. Jibu langu ni kwamba hewa ni moja na wote mnaigawana. Vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi moja hupeana zamu ya kuzungumza, na kifaa kimoja chenye mawimbi hafifu kinachukua muda mrefu kusema neno lile lile huku wengine wakisubiri. Kompyuta ya mezani, luninga ya kisasa na printa havitembei. Ukivitoa hewani, unawaachia nafasi wale wanaotembea na simu na laptopu. Kwetu, kuvuta kebo moja hadi kwenye fremu kulisaidia hata vyumba ambavyo havikuguswa.

Nunua kebo ya Cat5e au Cat6. Hizo hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba ya kawaida haifiki huko. Uliza kama nyaya za ndani ni shaba tupu. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, bei yake ni ya kuvutia, lakini hukatika upesi zikikunjwa na hupoteza nguvu njiani. Ukikwaruza ncha ya waya kwa wembe na ndani ukaona weupe, hiyo ni alumini.

Kama una mita chache, nunua kebo iliyokwisha kufungwa vichwa. Ukilazimika kufunga mwenyewe unahitaji vichwa vya RJ45, koleo la kubania na kipimio cha taa. Menya ganda la nje kama sentimita tatu, nyoosha nyaya nane, kisha zipange kutoka kushoto: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kishike kichwa pini za dhahabu zikikutazama na ulimi wake ukiwa upande wa pili, mdomo wa kuingizia nyaya ukiwa chini. Kata ncha ziwe sawasawa, sukuma hadi uone shaba imegusa mwisho, bana. Upande wa pili fuata mpangilio ule ule. Makosa ya mara kwa mara ni kuacha kijani na bluu zifuatane kijozi, ilhali jozi ya bluu inakaa katikati ya ile ya kijani.

Pima kwa kipimio taa zote nane. Kebo ambayo ni nyaya nne tu zinazofika inaweza kufanya kazi na usijue kitu, ila itakuwa imeshuka hadi megabiti 100.

Usiipitishe kebo ya mtandao ikiwa imelala sambamba na waya wa umeme kwenye bomba moja. Ikipita nje kwenda uani tumia ile nyeusi ya nje inayovumilia jua, maana ya ndani ganda lake hukauka na kupasuka. Wakati wa masika, ngurumo zikianza, chomoa kebo inayotoka nyumba moja kwenda nyingine. Radi haihitaji kupiga paa lako ndipo iunguze matundu ya rauta. Inatosha ipige karibu.

Hatua ya 5: Wi-Fi kwa wanaotembea

Rauta iwe juu na katikati ya nyumba. Juu ya kabati ni bora kuliko sakafuni, na isiwe nyuma ya luninga, friji, kioo kikubwa au tangi la maji. Kuta zetu za tofali za saruji hula mawimbi, na zege yenye nondo hula zaidi.

Rauta nyingi zina masafa mawili. Ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na mtaa mzima umejazana humo. Ya 5 GHz ina kasi kubwa ila huishia ukuta wa pili. Washa yote mawili. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani, na upana uuweke 20 MHz. Programu ya bure ya simu ya kuchunguza Wi-Fi itakuonyesha majirani wamejazana wapi, nawe uende kwenye nafasi.

Usalama uwe WPA2 au WPA3. Ukiona WEP, hiyo ni kufuli ya karatasi. Neno la siri liwe refu, maneno manne yasiyohusiana yatatosha, na lisiwe namba yako ya simu.

Hatua ya 6: Rauta ya pili bila makarani kugombana

Nyumba ikiwa ndefu au ina banda la uani, Wi-Fi ya sebuleni haitafika. Wengi hutoa rauta ya zamani kabatini, wanaichomeka, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Sisi tulifanya hivyo hivyo. Rauta zote mbili zilijiita 192.168.1.1, zote zikagawa anwani. Kompyuta za uani zikawa zinapata intaneti asubuhi na kuikosa mchana, printa ikaonekana na watu wawili tu, na mimi nikamlaumu fundi aliyevuta faiba ilhali kosa lilikuwa langu.

Rauta ya pili iondolewe ukarani, ibaki tarishi. Fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Rauta ya pili ikiwa peke yake, haijaunganishwa na ya kwanza, bonyeza kitundu cha kiwandani kwa pini kama sekunde kumi hadi taa zizime na kuwaka.
2. Unganisha laptopu kwa kebo kwenye tundu lake la LAN, ingia kwenye mipangilio.
3. Weka Wi-Fi yake: jina na neno la siri sawa na la rauta kuu kama unataka simu zihame zenyewe unapotembea, chaneli tofauti na ile ya kwanza.
4. Badilisha anwani yake ya ndani iwe 192.168.1.2. Itakutoa nje, ingia tena kwa anwani hiyo mpya.
5. Zima DHCP, hifadhi.
6. Sasa vuta kebo kutoka tundu la LAN la rauta kuu hadi tundu la LAN la rauta ya pili. Tundu lake la WAN liache tupu.

Rauta mpya nyingi zina chaguo moja liitwalo "Access Point" linalofanya hayo yote kwa mkupuo, na hapo tundu la WAN hutumika kama maelekezo yake yasemavyo. Kama hakuna namna ya kupitisha kebo, vipo vifaa vya kurudia mawimbi. Vinasaidia, ila cha aina rahisi hupokea na kutuma kwa hewa ile ile, kwa hiyo kasi hushuka kama nusu. Mimi huanza na kebo, hata ikibidi ipite juu ya dari.

Hatua ya 7: Gawa kasi kwa haki

Mtandao ukishakaa sawa, linabaki suala la watu. Filamu moja ya picha safi inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde na inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Lakini mlaji mkubwa mara nyingi hana sauti. Ni simu inayopandisha picha za harusi kwenda hifadhi ya mtandaoni. Vifurushi vingi vina kasi ndogo ya kupandisha kuliko ya kushusha, na njia ya kupandisha ikijaa, hata wanaoshusha wanakwama, maana kila kipande kinachofika kinatakiwa kijibiwe "nimepokea" na majibu hayo yako kwenye foleni nyuma ya picha. Hiyo ndiyo iliyokuwa inawaua wateja wa fremu kila jioni.

Tafuta kwenye rauta sehemu ya kudhibiti kasi, inaitwa QoS au "Bandwidth Control". Chukua namba zako za Hatua ya 1, weka kikomo cha jumla kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, ya kushusha na ya kupandisha. Inaonekana ajabu kujipunguzia mwenyewe, lakini foleni inahamia ndani ya rauta yako, mahali unapoweza kuamua nani atangulie. Kisha ipe kipaumbele kompyuta ya kazi. Kwetu ya fremu hutangulia mchana, na simu yoyote haipandishi zaidi ya megabiti mbili.

Kama unatumia bando la gigabaiti za kuhesabu, kuna jambo kubwa zaidi. Kwenye kila Windows ingia mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi yako, washa "Metered connection". Kompyuta itaacha kushusha masasisho mengi kimyakimya. Tena, kwenye sehemu ya "Delivery Optimization" ruhusu kompyuta za mtandao wako wa ndani zigawiane masasisho, na za ndani pekee. Kompyuta moja ikishashusha, nyingine zinachota kwake badala ya kuvuta bando upya. Ila usikae umeyazuia masasisho miezi. Chagua usiku mmoja wa bando la bei nafuu uyamalize.

Wapangaji niliwawekea mtandao wa wageni, ulioandikwa "Guest" kwenye rauta kuu, wenye neno lake la siri. Wanapata intaneti bila kuona printa wala mafaili ya fremu. Angalia hapa: mtandao wa wageni wa rauta ya pili iliyovuliwa ukarani mara nyingi hautengi chochote, kwa hiyo jaribu mwenyewe kwa simu kama printa inaonekana. Na kabla ya kuchangishana pesa na nyumba za jirani, soma mkataba wako. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu kuuza tena, na biashara ya kuuza intaneti inataka leseni.

Kama huna rauta kabisa

Kompyuta au simu inaweza kuwa karani wa muda.

Kwa simu, tumia kebo ya USB badala ya hotspoti ukiweza. Simu inachajiwa wakati ule ule na betri haichemki sana. Kwenye Android washa "USB tethering", kompyuta itaiona kama kebo ya mtandao.

Kutoka hapo Windows 10 na 11 zinaweza kugawa zaidi. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua "Mobile hotspot", ionyeshe chanzo ni ile ya simu, washa. Hupokea hadi vifaa vinane. Ukitaka kugawa kwa kebo kupitia swichi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia muunganisho wenye intaneti, ingia sifa zake, na kwenye ukurasa wa "Sharing" tia tiki ukichagua tundu la kebo. Kompyuta itajipa 192.168.137.1 na kuanza kugawa anwani. Uwezo huu upo tangu Windows 98 toleo la pili la mwaka 1999, na kabla ya rauta kushuka bei ndivyo watu wengi walivyokuwa wakigawana. Kwenye Mac upo chini ya "Internet Sharing", ila kwa kawaida huwezi kupokea kwa Wi-Fi na kugawa kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Kwenye Linux badilisha IPv4 (ule mfumo wa zamani wa IP) ya tundu la kebo iwe "Shared to other computers".

Kumbuka kompyuta hiyo ikilala, nyumba nzima inakatikiwa. Zima usingizi wake. Na usiiache ikigawa anwani siku utakapoleta rauta.

Umeme

Rauta nyingi hutumia volti 12 na ampea 1 hadi 2, mzigo mdogo sana. Betri ndogo za rauta zinazokaa kati ya chaja na kifaa huishikilia kwa saa kadhaa umeme ukikatika. Soma volti kwenye chaja yako kabla ya kununua, kwa sababu zipo rauta za volti 9. Kama faiba yako ina kisanduku chake tofauti, nacho kiwekee betri, la sivyo Wi-Fi itabaki hai bila intaneti.

Ikikataa, tafuta imekatikia wapi

Usizime na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Tembea kutoka ulipo kwenda nje, hatua moja moja.

Kwenye kompyuta yenye shida andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, haijapata karani kabisa: kebo imelegea, neno la siri si sahihi, au DHCP imezimwa kwenye rauta kuu kwa bahati mbaya. Ukiona anwani isiyo ya kawaida yako, mfano wewe ni 192.168.1 na kompyuta inasema 192.168.0, kuna karani wa pili amejificha ndani ya nyumba. Mtafute.

Anwani ikiwa sawa, andika ping 192.168.1.1. Rauta ikijibu, ndani hakuna tatizo. Endelea na ping 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba. Hiyo ikijibu lakini kurasa hazifunguki, shida ni DNS, daftari la majina. Kwenye rauta weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 badala ya za kampuni. Wenye watoto wanaweza kuweka 1.1.1.3, inayozuia tovuti hatari na za ngono kwa nyumba nzima.

Rauta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko nje ya ukuta wako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku ile Wi-Fi ilikuwa imejaa mistari kwenye kila simu, na mtaani kwetu nilikuta watu watatu wamebonyeza kitundu cha kiwandani wakafuta mipangilio yao yote. Kebo iliporudi, wao ndio walioendelea kukosa intaneti. Kitundu kile kiguse tu ukiwa na zile picha ulizopiga kwenye Hatua ya 3.